Nesi Wenu, Sehemu ya 11: Usiku wa Sinema Maktabani



Waliojiunga wiki hii, karibuni. Mimi ni nesi, mama wa watoto wawili, Mtanzania ninayeishi mji mdogo wa Iowa, Marekani. Humu tunaongea mambo ya uzazi kama vile tumekaa jikoni tunamenya vitunguu. Sehemu ya 10 ilikuwa ya usingizi wa mtoto, na nilidhani maswali yatakuwa ya usingizi. Wapi! Swali lililojaa inboksi ni hili: "Dada nesi, niende wapi na mtoto kwenye baridi hii?" Wameuliza wa Minnesota, wameuliza wa Kanada, na mmoja yuko Dar kwenye joto kauliza hivyo hivyo, ila yeye kasema "kwenye jua hili".

Nikalisoma mara mbili tatu, nikaona si swali la hali ya hewa. Mzazi anayeuliza aende wapi ni mtu aliyekaa ndani peke yake mpaka kuta zimeanza kumsemesha.

Basi leo naongelea maktaba ya mji. Msigune. Najua kwetu maktaba ni mahali pa kusomea mtihani, ukikohoa tu unatolewa macho. Hii ninayoisemea mimi ina zulia la watoto kutambaa, ina choo safi chenye meza ya kubadilishia nepi, ina joto, na unaweza kukaa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jioni bila mtu kukuuliza umenunua nini. Hebu nitajieni sehemu nyingine ya hivyo. Duka la kahawa utanunua kahawa. Dukani wenyewe watoto wanalia wanataka vitu. Kanisani na msikitini kuna siku zake na saa zake.

Maktaba yetu ni jengo la matofali mekundu, ghorofa moja na ukumbi mkubwa chini kwa chini. Ni mojawapo ya majengo zaidi ya 1,600 ya maktaba yaliyojengwa Marekani kwa fedha za tajiri wa chuma Andrew Carnegie, zamani hizo za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Yeye alitoa fedha za jengo, lakini kwa sharti: mji utoe kiwanja, na kila mwaka utenge fedha za kuiendesha. Mpaka leo maktaba nyingi za miji midogo huku zinaishi kwa kodi za wenyeji. Nalisema hili kwa sababu kuna mama aliniambia anaona aibu kuingia "kula vya bure". Mama, hata kama umepanga, mwenye nyumba wako analipa kodi ya majengo, na unadhani anaitoa wapi kama si kwenye pango lako? Umeshalipia. Ingia. Kadi ya kuazima vitabu hawakutozi. Wanataka kitambulisho na karatasi yenye anwani yako, mfano bili ya umeme. Kukaa tu hakuhitaji hata hiyo kadi.

Yanayofanyika mle ni mengi, mengine nitayapita haraka. Kuna madarasa ya Kiingereza. Kuna watu wa kujitolea wanaosaidia kujaza fomu za kodi ya mapato msimu wake ukifika. Jumatano saa nne asubuhi kuna nusu saa ya vichanga: mnakaa chini, mnaimba, mnapiga makofi, mkutubi anasoma kitabu chenye maneno ishirini, basi. Vichanga wenyewe wanakula pembe za vitabu. Mimi Jumamosi moja kila mwezi hukaa mlangoni na mashine yangu ya presha napima yeyote anayetaka, na hapo naomba mnisikilize kidogo: presha ya uzazi inaweza kupanda hata baada ya kujifungua, mpaka wiki sita. Kichwa kinachouma vibaya kisichosikia dawa, macho kuona vimulimuli, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, kukosa pumzi, usisubiri Jumamosi yangu. Nenda hospitali usiku huo huo.

Mtoto wangu wa pili nilimzaa huku mwezi wa Januari. Wa kwanza nilimzaa nyumbani, nikakaa arobaini yangu kama malkia: naogeshwa maji ya moto, uji wa pilipili manga asubuhi, mtori mchana, supu usiku, na mtoto analetwa kunyonya tu halafu anachukuliwa. Wa pili, mama yangu hakupata viza. Mume wangu alipewa siku tano kazini, ya sita akarudi zamu ya usiku. Mimi, nesi wa wodi ya wazazi, niliyewafundisha mamia ya wanawake namna ya kumshika mtoto, nilikuwa nakaa dirishani nahesabu magari. Siku moja joto la nyumba likaharibika, fundi akasema atakuja jioni, nikamfunga mtoto kifuani nikaingia mahali pa karibu palipokuwa na taa. Ikawa maktaba. Mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, hakuniuliza chochote. Alisogeza kiti karibu na kipasha joto akaniletea maji. Nimekuwa nikienda tangu siku hiyo.

Haya, sinema.

Ijumaa ya tatu ya kila mwezi, saa kumi na mbili na nusu jioni, ule ukumbi wa chini unapangwa viti, mikeka inatandikwa mbele, projekta inawashwa na watu wanapewa bisi. Zinaonyeshwa filamu za zamani. Wakati mwingine ni za zamani kweli, na kuna sababu ya kifedha pia: filamu mpya ina haki miliki, maktaba lazima ilipie leseni ya kuionyesha hadharani, lakini za miaka ya 1920 nyingi muda wake wa haki miliki umeshakwisha Marekani, unaonyesha bila kumlipa mtu. Mimi sikulalamika. Zile za bubu ndizo zinazotufaa sisi. Mji wetu una kiwanda cha nyama, na kiwanda kimeleta familia kutoka Kongo, Burundi, Gwatemala, Meksiko, Somalia. Weka filamu ya maneno mengi, nusu ya ukumbi inalala. Weka Charlie Chaplin, ukumbi mzima unacheka kwa wakati mmoja.

Najua mtakachosema. "Nesi wewe si ndiye uliyetukataza skrini?" Ndiye. Na sibadilishi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019: mtoto chini ya mwaka mmoja hapaswi kuwekwa mbele ya skrini, wa mwaka mmoja pia haipendekezwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Sasa kichanga chako kule ukumbini hatazami filamu. Yuko kifuani, uso umeelekea kwako, ananyonya au amelala. Aliyekwenda sinema ni wewe. Kunyonyesha hadharani kunaruhusiwa kisheria katika majimbo yote 50, kwa hiyo asikutishe mtu. Ila mtoto wa chini ya miezi miwili, msimu wa mafua, msubirishe kwanza. Ukumbi uliojaa watu wanaokohoa haumfai. Mpeleke asubuhi za katikati ya wiki kukiwa hakuna watu. Na mtoto wa umri huo akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura, hata kama anacheka.

Wale wa miaka mitatu, minne, angalieni filamu yenyewe. The Red Balloon ya Kifaransa, ya 1956, ni dakika 34 tu, ina maneno machache mno, inawafaa. The Wizard of Oz ya 1939 ina manyani yanayoruka. Wangu aliniganda shingoni wiki nzima. Bambi sisemi. Mama yake Bambi anakufa, na jioni ile tulikuwa na watoto kumi na kitu wanalia kwa lugha tano.

Filamu ninayotaka kuwasimulia ni The Kid, ya Chaplin, ya mwaka 1921. Ilionyeshwa kwetu Novemba iliyopita. Yaliyotokea baada yake nayasimulia kwa ruhusa ya mwenyewe, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asijulikane.

Filamu inaanzia hospitali. Mama kajifungua hospitali ya hisani, hana mume, lango linafunguliwa, anatoka na mtoto mikononi, lango linafungwa. Basi. Mimi nikashika kichwa. Nimewaruhusu wangapi mimi? Unamkabidhi mama karatasi, unakagua kiti cha mtoto cha gari kama kimefungwa sawasawa, unasema hongera, mlango wa umeme unafunguka wenyewe, na hujui anakoingia ni wapi.

Yule mama hana uwezo. Anamwacha mtoto ndani ya gari la kifahari akitumaini tajiri atamlea, gari linaibiwa, wezi wanamtupa mtoto uchochoroni, na anayemwokota ni Chaplin, fukara mwenye suruali kubwa na viatu vya kuazima. Kwanza anajaribu kumsukumia kila mtu. Halafu anasoma kikaratasi cha mama kinachoomba mtoto apendwe, anakaa chini, anamtazama, na yamekwisha. Amekuwa baba. Jinsi anavyomlea ndiyo raha yenyewe: bembea ya kitambaa, birika la kahawa limening'inizwa kwa kamba na kuwekwa chuchu mdomoni mwa birika ili mtoto ajinyonyeshe, kiti kimetobolewa katikati kiwe poti. Kinesi sikubaliani na lile birika hata kidogo. Lakini nilicheka mpaka nikatokwa machozi.

Mbele yangu alikaa bibi mmoja wa Kitanzania, amekuja kumwangalia mkwewe aliyejifungua. Miezi miwili yuko Iowa, Kiingereza hajui, hajacheka na mtu nje ya nyumba ile. Chaplin alipotokea tu na ile fimbo yake, bibi akapiga paja: "Huyu si Chale? Huyu tulimwona Lushoto!" Akatusimulia kwa sauti, filamu ikiendelea, kwamba alipokuwa msichana gari la sinema lilikuwa linakuja, shuka jeupe linafungwa kwenye miti, kijiji kizima kinakaa chini, wengine upande wa nyuma wa shuka wanaona kila kitu kimegeuka. Hakuna aliyemnyamazisha. Kijana mmoja wa Kikongo akaanza kututafsiria yale maandishi machache yanayotokea katikati, kwa mbwembwe kama Lufufu enzi za vibanda umiza, na ukumbi ukawa wetu.

Mtoto kwenye filamu anakua, anafika miaka mitano. Anaumwa. Daktari anaitwa, anauliza kama huyu fukara ndiye baba, anagundua kwamba siye, na badala ya dawa anapeleka taarifa. Wanakuja watu wa kituo cha yatima na gari. Mtoto ananyanyuliwa, anatupwa nyuma ya gari, amesimama amekunja mikono anaomba, analia, na kwa kuwa filamu ni bubu sauti unaiweka wewe mwenyewe kichwani. Chaplin anawaponyoka, anakimbia juu ya mapaa ya nyumba, anaruka kwenye lile gari na kumkumbatia.

Ukumbi ulikuwa kimya. Hata bisi hazikutafunwa.

Taa zilipowashwa, mkutubi akasoma maelezo mafupi, nami nikawa nayaweka kwa Kiswahili. Kwamba Chaplin alizaliwa London mwaka 1889. Kwamba mama yake, Hannah, aliwalea yeye na kaka yake kwa dhiki kubwa, na mwaka 1896 wakaingia nyumba ya maskini, watoto wakatenganishwa naye. Kwamba mama akaja kuugua akili, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwamba mwaka 1919 mtoto wa kwanza wa Chaplin mwenyewe alifariki akiwa na siku tatu, na wiki chache baadaye akaanza kupiga filamu hii. Kwamba mwaka 1921, filamu ilipotoka, alimhamishia mama yake California akakaa karibu naye.

(Kwa wale mnaorekodi watoto kila siku mkiwatupia mtandaoni: yule mtoto wa kwenye filamu, Jackie Coogan, alipata fedha nyingi sana, na alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia karibu zote. Aliwashtaki mwaka 1938, na mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Nimepita tu.)

Wakati natafsiri nikasikia mtu analia mstari wa nyuma. Kulia si ajabu, nusu yetu tulikuwa tunafuta macho. Lakini huyu alikuwa analia kwa namna ambayo nesi wa uzazi anaijua. Mama mdogo, Mkongo wa Kivu, mtoto wa miezi mitatu mapajani, amekuja peke yake kwa sababu mumewe yuko zamu ya jioni kiwandani. Nikaenda nikakaa pembeni yake. Sikusema kitu. Yule bibi wa Lushoto akanifuata, na yeye hakuomba ruhusa ya mtu: "Mwanangu, hebu nipe mjukuu wangu," akamchukua mtoto, akamtupa mgongoni, akafunga kanga, akaanza kuzunguka ukumbi anamwimbia.

Yule mama mdogo alimtazama bibi akizunguka. Halafu akaniambia, "Mama, ile karatasi, nilijaza uongo."

Karatasi gani? Wengi mnaijua. Ukimpeleka mtoto kliniki huku, mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne, wa sita, unapewa maswali kumi yanayohusu siku saba zilizopita. Umeweza kucheka? Umekuwa ukijilaumu bila sababu? Umekuwa na hofu? Umelia? Yalitungwa Edinburgh, Uskoti, yakachapishwa mwaka 1987, na yanatumika nchi nyingi sana. Ni ya kupima sonona ya uzazi, na mimi nayapenda kwa sababu ni mafupi. Yeye kliniki aliyokwenda walimpa kwa Kiingereza, mumewe akawa anamsomea na kumjazia. Hebu fikiria. Mume wako amekushikia kalamu, kachoka na zamu, anakuuliza kwa sauti mbele ya nesi: "Umewahi kufikiria kujidhuru?" Utajibu nini? Akajibu sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho. Nesi akasema vizuri sana, wakaenda zao.

Nikamuuliza kwa nini hakuomba aulizwe peke yake. Akaonyesha lile pazia jeupe la sinema, ambalo sasa lilikuwa tupu. "Nikisema kweli, batabeba mutoto."

Jamani. Miaka yote nimeigawa ile karatasi, nimesikia kila sababu ya wanawake kuijaza haraka haraka. Nilifikiri ni aibu. Nilifikiri ni "sisi Waafrika hatuna mambo hayo". Kumbe kwa wengi ni lile gari la kwenye filamu. Wamesikia kwa jirani, wamesikia kwa shemeji, kwamba huku ukisema unalia, serikali inakuja na gari.

Sasa nisomeni taratibu hapa, maana sitaki kuwadanganya kwa kuwapa moyo. Ni kweli sisi wahudumu wa afya tunawajibika kisheria kutoa taarifa tukishuku mtoto anapigwa, anadhulumiwa au ametelekezwa. Hiyo sheria ipo na ina sababu zake. Lakini kulia si kumdhulumu mtoto. Kukosa usingizi, kukosa furaha, kuhisi huna upendo wa kutosha, kuhofia kila kitu, hayo ni dalili za ugonjwa, na tunayaandika kama tunavyoandika homa, ili upate tiba. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kati ya wanawake 100 waliotoka kujifungua, kama 13 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kila mmoja angechukuliwa mtoto, nchi isingekuwa na pa kuwaweka.

Machozi ya siku za mwanzo ni kawaida, homoni zinashuka kama lifti iliyokatika kamba. Mara nyingi hutulia ndani ya wiki mbili. Yakivuka wiki mbili, au yakizidi badala ya kupungua, hapo tunaongea habari nyingine. Na kuna hali adimu ambayo haisubiri hata saa: mzazi akianza kusikia sauti, kuona visivyokuwepo, kusema mambo yasiyoeleweka, au kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura. Asiachwe peke yake, asiachwe peke yake na mtoto, apelekwe hospitali.

Yule mama mdogo nilimuuliza maswali yote kumi pale pale, kwa Kiswahili, sauti ya chini, huku watu wanakunja viti. La kumi, la kujidhuru, nililiuliza waziwazi kama lilivyo. Msiogope kumuuliza mtu hivyo. Kuuliza hakumpandikizii wazo; kunampa nafasi ya kusema. Akasema hapana, ila kuna usiku anawaza mtoto angekuwa salama zaidi kwa mama mwingine.

Mkutubi akatufungulia ofisi yake, akatuachia na funguo. Tukapiga simu ya taifa ya afya ya akili ya wazazi, 1-833-852-6262. Ni bure, usiku na mchana, unaweza kupiga au kutuma ujumbe, na wakalimani wa simu wapo. Aliongea dakika arobaini hivi. Mimi nilikaa nje ya mlango na yule bibi, mtoto amelala mgongoni, na bibi ananiuliza kwa kunong'ona kama yule Chale bado yu hai. Usiku ule yule mama alilala kwa bibi na mkwewe, mumewe akapitia alfajiri akitoka kazini. Jumatatu alikuwa kliniki, na safari hii aliomba mkalimani. Hiyo ni haki yako, wapendwa: kituo cha afya kinachopokea fedha za serikali kuu ya Marekani kinatakiwa kukupatia mkalimani bila kukutoza. Usimtumie mumeo, na naomba sana, usimtumie mtoto wako mkubwa.

Hajapona kabisa. Anatumia dawa ambayo daktari kamchagulia akijua ananyonyesha, anaongea na mtaalamu kwa simu kila wiki, na kuna siku bado ni nzito. Mtoto yuko kwake. Jumatano saa nne asubuhi namwona kwenye zulia, na bibi naye anakuja, akisema anamleta mjukuu, ingawa mjukuu muda wote amelala.

Sasa mliosema mna aibu au hamjui pa kuanzia. Ingia tu ukaulize saa za vichanga na saa za sinema. Kama Kiingereza ni shida, andika kwenye simu, waonyeshe. Waambie wanunue vitabu vya watoto vya Kiswahili. Maktaba nyingi zina fomu ya kuomba kitabu, na wakiona watu watatu wameomba wanasikia. Waombe filamu zisizo na maneno. Waombe taa zisizimwe zote, sisi tulipata hivyo: zinabaki mbili nyuma, ili mama aone anakoweka mguu akitoka na mtoto anayelia. Beba shuka, maji, nepi mbili za ziada. Mtoto akilia, lia naye, hakuna anayekuangalia.

Mlioko nyumbani msijione hayawahusu. Arobaini ya kukaa kama malkia siku hizi si kila mtu anaipata; wapo wazazi wa chumba kimoja mjini, mama mzazi yuko kijijini, mume yuko safari, wiki inapita mtu hajaongea na mtu mzima. Dar kuna Maktaba Kuu ya Taifa tangu 1967, na mikoani kuna maktaba za mikoa. Ulizeni kama kuna sehemu ya watoto. Kama kuna ukumbi umekaa bure jioni, na kuna mtu ana projekta na shuka jeupe, mnajua cha kufanya. The Kid haina lugha, na umeme wake ni wa saa moja tu.

Ukimwona mzazi mwenzio kanyamaza sana, usimuulize "mtoto hajambo?" Kila mtu anamuuliza hivyo. Muulize yeye amelala saa ngapi, amekula nini, na kama anataka umshikie mtoto akaoge.

Ijumaa ijayo ukumbini kwetu ni Buster Keaton, bubu pia. Bibi viza yake inaisha mwezi ujao, ameshasema hakosi.

Sehemu ya 12 ni chuchu zilizopasuka, mmeniomba sana. Kama una swali usilotaka wengine walione, nitumie inboksi, najibu nikitoka zamu.